Samaki wa Kukaa Nyumba Moja



Kila mwaka unapoanza, wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza husimama mbele ya tangi la kioo lililo katika chumba chetu cha sayansi, wakauliza swali lile lile: "Mwalimu, mbona hawa hawalani?" Wanafunzi wa zamani nao, ambao sasa wana kazi na nyumba zao mijini, wameniandikia mara nyingi wakitaka kujua namna ya kuchagua samaki wa kufuga sebuleni. Baadhi yao wamekwisha kununua tangi, wakatia samaki wa kila rangi, na baada ya mwezi wakabaki na maji matupu. Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja katika kurasa hizi.

Lakini kabla sijawafundisha wengine, yafaa nisimulie aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa Kidato cha Pili katika shule hii, mimi na mwenzangu mmoja tulipewa kazi ya kulitunza tangi la kioo, nalo lilikuwa tupu. Siku ya Jumamosi tulishuka ziwani penye wavuvi, tukamkuta mzee mmoja akishona nyavu zake. Tukamwamkia, tukamweleza kwamba tunataka samaki wadogo walio hai. "Wa chambo, wanangu?" akauliza. "Hapana, Mzee, wa kutazama tu." Alicheka sana, kwa kuwa hajapata kusikia mtu anayetaka samaki wa kutazama, lakini akatupa nkejje 12 wasiozidi kidole gumba, ngege wadogo 4, na kambare mmoja mwenye urefu wa kiganja. Kambare ndiye aliyetupendeza zaidi kwa ajili ya zile sharubu zake.

Asubuhi ya pili nkejje walikuwa 10. Asubuhi ya tatu walikuwa 9. Mwenzangu alisema kwamba nimehesabu vibaya; mimi nikasema kwamba yeye ameacha mfuniko wazi. Tukamshuku paka wa mpishi, na yule paka maskini akafukuzwa kwa fimbo bure. Juma la pili lilipokwisha nkejje walibaki 3, nao wamejibanza pembeni karibu na uso wa maji. Ndipo tukapata ruhusa ya mwalimu wa zamu, tukaingia usiku polepole, tumeshika kurunzi. Mchana kutwa kambare alikuwa akilala chini ya jiwe kama mgonjwa wa homa. Usiku ule tulimkuta akizunguka tangi zima, akipapasa mchanga kwa sharubu zake, na mkia wa nkejje ukitokeza mdomoni mwake.

Mwalimu wetu wa sayansi hakutukemea. Alituuliza tu, "Kabla ya kumkaribisha huyu, mlimwuliza anakula nini?" Tukanyamaza. Mimi na mwenzangu tulikuwa hatujasemezana siku tatu, kumbe mwizi si yeye, wala si mimi, wala si paka. Na kwa kweli kambare naye hakukosa, kwa maana alifanya kazi ya kambare. Kosa lilikuwa la wale waliowaweka pamoja.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba kuchagua samaki ni kama kuchagua wapangaji wa nyumba moja. Si kutazama sura tu. Hapana budi kuuliza habari zao kwanza.

MAJI KWANZA

Watu wengi hununua tangi na samaki siku moja. Hilo ndilo kosa la kwanza, nalo huua samaki wengi kuliko kambare wote wa ziwani. Tangi jipya ni kama nyumba isiyo na choo. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia kwa matamvua yake, na amonia hutoka pia katika kinyesi na katika chakula kilichooza. Mtoni au ziwani maji ni mengi, na sumu hiyo hupotea. Katika tangi haina pa kwenda.

Wanaotusaidia ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi katika mchanga na katika kichujio. Bakteria wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo, na majani ya majini huitumia kama mbolea. Basi bakteria hawa hawazaliwi kwa siku moja. Kwa kawaida huchukua majuma 4 hata 6 kabla hawajatosha. Kwa hiyo tia mchanga, mawe, majani na maji, uwashe kichujio, kisha tia samaki wachache tu walio wagumu, uwape chakula kidogo sana, na ubadilishe maji mara kwa mara. Wengine wangojee zamu yao. Mchanga kidogo au sifongo ya kichujio kutoka tangi la rafiki ambalo ni la zamani na zima utaharakisha kazi, maana utakuwa umeleta bakteria walio tayari.

Juu ya ukubwa wa tangi, wengi hudhani kwamba tangi dogo ni rahisi kulitunza. Mambo ni kinyume. Katika maji machache joto hubadilika upesi, na sumu huongezeka upesi. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40 lina lita 112. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi iachwayo juu, zitabaki kama lita 90. Hilo lafaa sana kwa mtu anayeanza. Kumbuka tu kwamba kila lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukijumlisha kioo na mawe, meza yako itachukua zaidi ya kilo 100, kwa hiyo usilitegemeze juu ya kimeza cha chai.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini haichagui kati ya vijidudu vibaya na vile vyetu vizuri. Ukiyaacha maji katika ndoo wazi siku moja au mbili, klorini hutoka. Lakini miji mingine hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kungojea. Hapo hapana budi kutia dawa yake, ambayo huuzwa na wenye maduka ya samaki. Usiliweke tangi mbele ya dirisha lenye jua, la sivyo maji yatakuwa kijani kama mboga.

MASWALI MATANO

Maji yakiwa tayari, sasa twende dukani au ziwani. Kabla hujatoa fedha, uliza juu ya kila samaki maswali haya matano.

La kwanza: Anatoka maji gani? Maji yote si sawa. Kuna maji laini, kama ya mvua, yasiyo na chokaa. Na kuna maji magumu yenye chokaa na chumvi nyingine nyingi. Tena kuna maji yenye asidi na maji yenye alkali. Wanafunzi wa Kemia wanajua kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi, na juu yake ni alkali. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, na pH yake hukaribia 9. Vijito vya msitu wa Amazon, huko Amerika ya Kusini, ambavyo ni nyumbani kwa samaki mdogo aitwaye neoni, ni maji laini yenye pH chini ya 7. Tena kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, hata kati ya pH 6 na pH 9 tofauti ni mara elfu moja. Basi mtu akimweka neoni pamoja na samaki wa Ziwa Tanganyika, hapana maji yatakayowafaa wote wawili. Ni kweli kwamba neoni wengi wauzwao siku hizi wamezaliwa katika mashamba ya samaki huko Asia, nao huvumilia zaidi kuliko wa porini. Walakini kuvumilia si kustarehe.

Joto nalo ni sehemu ya swali hili. Samaki wengi wa nchi za joto hupenda digrii 24 hata 27 za Selsiasi. Samaki wa dhahabu, ambaye watu wengi humnunua kwanza, asili yake ni China, na hupenda maji ya baridi zaidi. Tena hukua sana na huchafua maji sana. Huyu apewe tangi lake peke yake, au bwawa uani. Kwa wale wakaao penye baridi, kama Kabale, kipasha maji cha umeme ni lazima. Karibu na Ziwa Viktoria mara nyingine huwezi kukihitaji mchana, lakini usiku utaona kipimajoto kikishuka.

La pili: Atakua kiasi gani? Dukani huuzwa watoto, si watu wazima. Yuko samaki aitwaye oska, kutoka Amerika ya Kusini, ambaye mtoto wake wa sentimita 5 hupendeza sana, naye hufuata mkono wako kama mbwa. Akikua hufika sentimita 30. Yuko pia kambare mnyonya kioo, ambaye watu huambiwa kwamba ni mfagiaji wa tangi. Aina yake kubwa hupita sentimita 30 vile vile, na uchafu autoao ni mwingi kuliko ule aufagiao. Usiamini maneno ya kwamba samaki hukua kwa kipimo cha tangi lake. Samaki aliyedumaa kwa kukosa nafasi ni mgonjwa, kama mtoto aliyedumaa kwa kukosa chakula.

La tatu: Anakula nini? Kanuni ya samaki ni fupi: kinachoingia mdomoni ni chakula. Samaki-malaika ni mpole na mwenye mapezi marefu mazuri, lakini akifika sentimita 15 atawaona neoni kama sisi tuonavyo dagaa. Mwaka mzima wanaweza kukaa pamoja vizuri, kisha asubuhi moja mwenyewe akaanza kuhesabu upya, kama tulivyohesabu sisi. Lakini swali hili lina upande wa pili. Wako samaki wasiokula wenzao, ila chakula cha wenzao huwaua. Katika Ziwa Tanganyika yuko samaki aitwaye Tropheus, ambaye kazi yake ni kukwangua ukungu wa kijani juu ya mawe. Utumbo wake ni mrefu, umefanywa kwa ajili ya majani. Ukimweka pamoja na samaki walao nyama, naye akala chakula chao kila siku, tumbo lake huvimba, akafa.

La nne: Tabia yake ni ipi? Wako samaki wa kundi, wako wa jozi, na wako wapweke. Neoni ni wa kundi. Ukinunua wawili watajificha na kupauka rangi. Ukinunua 10 watatoka na kuogelea pamoja, ukaona uzuri wao. Yuko samaki mwenye milia minne myeusi, kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki, ambaye ana tabia ya kuuma mapezi ya wenzake. Wakiwa 2 au 3, huwatesa jirani wote. Wakiwa 8, ugomvi wao huishia baina yao wenyewe, lakini hata hivyo usiwaweke na samaki wenye mapezi marefu. Samaki mpiganaji wa Thailand, dume, hawezi kumwona dume mwenziwe. Watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe. Tena akimwona gapi dume mwenye mkia mrefu wa rangi, humdhania kuwa ni mshindani, akamrukia.

Na wako samaki walio wapole mpaka siku ya kuzaa. Ziwa Tanganyika lina samaki mzuri wa rangi ya maziwa ya kahawa, ambaye mwaka 1974 alipewa jina la brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, yule Mbelgiji aliyewakusanya na kuwasafirisha samaki kutoka Burundi. Jozi moja ikipata watoto, wale watoto wakubwa hukaa na wazazi wao na kuwalinda wadogo zao. Ni jambo la ajabu na la kupendeza kulitazama. Lakini ukoo ule utakapoongezeka, utawafukuza wageni wote mpaka pembeni mwa tangi, na pembe ya tangi haina mlango wa kutokea.

La tano: Anakaa sehemu gani? Wengine huishi juu karibu na uso wa maji, wengine kati, wengine chini mchangani, na wengine katika mapango ya mawe. Ukiwatia wote wa chini, watagombania mchanga, huku juu ni tupu. Ukigawanya sehemu hizo vizuri, tangi lile lile litawachukua wengi zaidi kwa amani.

MIFANO MITATU

Sasa nitatoa mifano mitatu kwa tangi lile la lita 112 nililolitaja. Si sheria, ni njia iliyo salama kwa mtu anayeanza.

Mfano wa kwanza ni wa maji laini, kwa mwenye kukinga maji safi ya mvua na kuyachanganya kidogo na ya bomba. Hapo waweza kuweka neoni 12 wa kukaa kati, koridora 6, ambao ni kambare wadogo wapole wa kukaa chini, na samaki-shoka 6 wa kukaa juu. Wote asili yao ni Amerika ya Kusini. Koridora wana ada ya kupanda ghafula na kumeza hewa. Usiogope, ndivyo walivyoumbwa. Samaki-shoka huruka, kwa hiyo mfuniko ni lazima. Neoni waje mwisho, tangi likiwa limekomaa.

Mfano wa pili ni wa maji magumu ya bomba au ya kisima, nao ni mfano wa fedha kidogo. Weka gapi na plati. Hawa hawatagi mayai, bali huzaa watoto wanaoogelea papo hapo. Gapi ni wa Amerika ya Kusini, lakini aliletwa nchi nyingi za joto ili ale viluwiluwi vya mbu. Hatari yake ni moja tu, nayo ni uzazi. Jike mmoja huweza kuzaa kila mwezi hivi, watoto 20 au zaidi kwa mara moja, na huhifadhi mbegu ya dume tumboni, hata akaendelea kuzaa miezi kadhaa bila ya dume. Asiyetaka kupata mamia na anunue madume tu. Anayetaka watoto aweke majike wawili au watatu kwa kila dume, ili majike wapate kupumzika.

Mfano wa tatu ni wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na nchi nne hulizunguka: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya ngege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Tandaza mchanga laini upande mmoja, utie makombe matupu ya konokono. Hapo weka samaki wadogo kabisa wa makombeni, ambao hawapiti sentimita 5. Kila mmoja huchagua kombe lake, akachimba mchanga kulizunguka, akalilinda kama mtu alindavyo shamba lake. Upande wa pili panga mawe mengi yenye mapango, uweke jozi moja ya Julidochromis, samaki wembamba wenye milia mirefu. Hao wa mawe hawana haja na mchanga, na wale wa mchanga hawana haja na mawe. Acha nafasi katikati kama mpaka. Mawe yapange juu ya kioo chenyewe, si juu ya mchanga, kwa kuwa wale wadogo huchimba, na mawe yakianguka yatavunja kioo.

Mtu ataniuliza, "Na nkejje wetu je?" Nkejje wanafaa sana, nao wana rangi zisizopungua zile za samaki wa kununua. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni mwake. Lakini weka aina moja tu katika tangi, dume mmoja na majike 5 au 6, na mawe ya kutosha ya kujifichia. Ukichanganya aina mbili zinazofanana watazaana, na watoto wao hawatakuwa wa aina hii wala ile.

TANGI KUBWA KULIKO YOTE

Nimetaja nkejje, nami siwezi kumaliza bila ya kusema habari ya ziwa lenyewe, kwa maana kosa tulilolifanya mimi na mwenzangu lilipata kufanywa na watu wazima, tena wenye elimu, katika tangi la kilomita za mraba 68,800.

Zamani Ziwa Viktoria lilikuwa na aina kama 500 za nkejje, ambao Wajaluo huwaita fulu na watu wa Mwanza huwaita furu. Kila aina ilikuwa na kazi yake: wengine walikula konokono, wengine wadudu, wengine ukungu wa mawe, wengine uchafu wa chini. Walikuwa chakula cha watu wa kawaida, na akina mama huko Buganda waliwapa watoto wao wagonjwa wa surua unga wa nkejje waliokaushwa. Katika miaka ya 1950 mputa aliletwa kutoka Ziwa Albert. Kenya humwita mbuta, na Tanzania humwita sangara. Walioleta walitaka samaki mkubwa wa biashara. Mputa huweza kufika karibu mita 2 kwa urefu, na chakula chake akiwa mkubwa ni samaki wenzake.

Kwa miaka mingi haikuonekana kitu. Kisha, katika miaka ya 1980, mputa akajaa ziwa zima, na nkejje wakatoweka mbele yake. Wataalamu hukadiria kwamba aina kama 200 zilipotea. Si mputa peke yake aliyewapunguza. Uchafu wa mashamba na miji uliyatia maji giza, na mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika maji ya giza jike wa nkejje hawezi kuona vizuri rangi ya dume, hata aina zilizokuwa mbalimbali zikazaana na kuwa moja. Uvuvi nao ulizidi.

Sitaki msomaji adhani kwamba mputa hakuleta faida. Alileta viwanda vya minofu, kazi kwa maelfu ya watu, na fedha nyingi za kigeni kwa Uganda, Kenya na Tanzania. Wako wasomaji wa gazeti hili waliolipiwa karo kwa mputa. Lakini faida ile ilikuwa na bei yake, na bei hiyo haikuulizwa kabla ya kununua. Katika tangi letu la shule tulimtoa kambare kwa wavu siku ile ile. Ziwani hakuna wavu wa kumtoa mputa.

Baadhi ya nkejje walirudi tangu miaka ya 1990, mputa walipoanza kuvuliwa sana. Tena aina chache ambazo zilikuwa karibu kutoweka zilitunzwa katika matangi ya kioo, katika bustani za wanyama na nyumba za watu huko Ulaya na Marekani. Basi tangi la kioo si mchezo wa watoto tu. Mtu aliyejua kuchagua samaki wa kukaa pamoja, akawatunza vizuri na kuandika habari zao, ameweza kuhifadhi kitu ambacho ziwa zima lilishindwa kukihifadhi.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi sana, msimwage kamwe samaki wala majani ya tangi mtoni, ziwani au mtaroni. Gugu maji lililofunga njia za mitumbwi yetu tangu mwisho wa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilichukua nchi hata nchi kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Samaki uliyechoka naye mpe rafiki au mrudishe dukani.

SIKU YA KUWALETA

Umekwisha kuchagua, sasa unawaleta nyumbani. Ukiweza, waweke wageni katika chombo cha peke yao majuma mawili au matatu, ili ugonjwa kama upo uonekane kabla haujaingia kwa wengine. Kisha uweke mfuko wao uelee juu ya maji ya tangi kwa dakika 15 au 20, joto lilingane. Tia maji ya tangi kidogo kidogo ndani ya mfuko, halafu watoe kwa kiwavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Zima taa siku ile, wasisumbuliwe.

Chakula kiwe kidogo, mara moja au mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika 2. Samaki wengi hufa kwa kushibishwa kuliko kwa njaa. Kila juma badilisha kama robo ya maji. Sifongo ya kichujio ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, si katika maji ya bomba, usije ukawaua wale bakteria uliowangojea majuma sita.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Kichujio kikisimama hewa hupungua, na tangi lililojaa kupita kiasi ndilo litakaloanza kupata msiba. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu mara nyingi, yavute hewa. Mwenye samaki wachache atalala usingizi. Mwenye samaki wengi atakesha na kikombe mkononi.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia. Tangi letu la shule sasa lina nkejje wa aina moja, dume mmoja na majike 6, na mwezi uliopita jike mmoja alitema watoto 17. Wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili ndio wanaowahesabu kila asubuhi, na mpaka leo hesabu yao haijapungua. Mwanafunzi wa zamani atakayepita huku na aje awaone. Atakayekuja Jumamosi saa kumi jioni atakuta tunabadilisha maji, basi na akunje mikono ya shati yake mapema, kwa kuwa ndoo ya tatu siku zote haina mtu wa kuibeba.